Chumvi ya Jikoni: Mapatano ya Vitu Viwili Vikali



Mwezi huu twaiweka safu yetu juu ya kitu kilicho karibu nasi mno hata tumesahau kukitazama, nacho ni chumvi. Sababu ya kukichagua ni barua ya bibi mmoja msomaji wetu. Aeleza ya kwamba mwanawe wa kiume, aliye skuli ya sekondari, alirudi siku moja, akaketi kwenye chakula, akakisukuma kando kibakuli cha chumvi na kumwambia nyanya yake, "Nyanya, leo mwalimu katufundisha kuwa chumvi imefanyika kwa sumu mbili." Ajuza akamjibu, "Vyema, mjukuu wangu. Kesho nitakupikia mchuzi chapwa, tuone utamsifu mwalimu wako au utanililia mimi." Watu wakacheka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Lakini mama mtu hakucheka sana, kwa kuwa wiki ile ile lilitokea jambo nyumbani mwake. Binti yake mkubwa alikuwa akiosha choo. Akamimina ndooni dawa ya kutakatishia nguo nyeupe, kisha, ili uchafu utoke upesi, akaongeza juu yake dawa ya choo iliyo na asidi. Mara ikatoka harufu kali ya kukaba koo, naye akatoka mbio akikohoa, macho yakimchuruzika machozi. Alhamdulillahi, alipona. Daktari aliwaambia kuwa aliyoivuta ni gesi ya klorini. "Sasa," atuuliza bibi huyu, "klorini hiyo si ndiyo aliyoisema mwanangu kuwa imo ndani ya chumvi? Je, tuiogope chumvi, au tusiiogope ile dawa?"

Swali hili lastahili jawabu kamili, na jawabu lake halipatikani mpaka tujue vitu viwili hivyo hushikanaje.

Kwanza tumpe mtoto haki yake: hakusema uwongo. Jina la chumvi ya kula katika elimu ya kemia ni kloridi ya sodiamu, yaani kitu kilichofanyika kwa elementi mbili, sodiamu na klorini. Na kila moja kati ya hizo, ikiwa peke yake, ni kitu cha kuogopwa.

Sodiamu ni metali, kama chuma na shaba zilivyo metali, ila yenyewe ni laini hata hukatika kwa kisu. Ukiikata uso wake hung'aa kama fedha, na punde si punde hufifia kwa kushikana na hewa. Ukiitia majini huelea, hukimbia huku na huku ikitoa gesi ya haidrojeni, na aghalabu hushika moto. Kwa ajili hiyo wataalamu huiweka ndani ya mafuta isikutane na maji wala unyevu. Aliyeitenga kwanza ni Humphry Davy, mjini London, mwaka 1807, kwa kupitisha umeme katika ile soda kali itumiwayo kutengenezea sabuni, baada ya kuiyeyusha kwa moto. Alama yake vitabuni ni Na, kutokana na jina natrium, ambalo nasaba yake ni moja na neno la Kiarabu natrun, yaani magadi. Basi hata magadi tutiayo katika maharage ili yaive upesi, nayo yana sodiamu ndani yake.

Ama klorini, hiyo si metali. Ni gesi ya rangi ya kijani inayoelekea umanjano, nzito kuliko hewa kiasi cha mara mbili na nusu, na huunguza pua, koo na mapafu. Aliyeitoa kwanza ni Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi, mwaka 1774. Dunia iliitambua vibaya tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres katika Ubelgiji, pale jeshi la Ujerumani lilipofungua maelfu ya mitungi ya gesi hiyo ikachukuliwa na upepo hadi kwenye mahandaki ya adui, na watu wengi wakafa kwa kukosa pumzi.

Basi metali ishikayo moto majini, na gesi iliyotumiwa vitani, zimekutanaje hata zikawa kitu tusichoweza kuandaa mchuzi bila ya hicho?

Yatupasa hapa tupambanue baina ya kuchanganyika na kuungana. Ukichanganya mchele na choroko katika ungo, mchele hubaki mchele na choroko hubaki choroko, na mtu mwenye subira aweza kuzichambua punje kwa punje. Huko ni kuchanganyika. Lakini elementi zikiungana kwa muungano wa kikemia, kila moja huiacha tabia yake ya kwanza, na kitu kipya huzaliwa chenye sifa zake mwenyewe. Katika chumvi hamna punje za sodiamu zilizojificha wala mapovu ya klorini. Mna kitu cha tatu.

Siri ya muungano huu imo katika sehemu ndogo mno za kila kitu, ziitwazo atomi. Kila atomi ina kiini chenye umeme wa aina iitwayo chanya, na kandokando ya kiini zimo elektroni zenye umeme wa aina ya pili, hasi. Elektroni hizo hukaa kwa matabaka. Tabaka la kwanza lina nafasi mbili tu. Ama tabaka la nje, katika elementi tunazozizungumzia leo, hutulia linapokuwa na elektroni nane. Lifananisheni na sinia kubwa lililoandaliwa watu wanane: wakiwa wanane, sinia limetimia.

Tazameni sasa hali ya wawili wetu. Sodiamu ina elektroni 11: mbili katika tabaka la kwanza, nane katika la pili, na moja peke yake katika la tatu. Klorini inazo 17: mbili, kisha nane, kisha saba. Huyu ana mtu mmoja aliyeketi peke yake kwenye sinia tupu, na yule ana sinia lililopungukiwa na mtu mmoja. Zikikutana, elektroni ile moja ya sodiamu huhamia kwa klorini. Sodiamu sasa tabaka lake la nje ni lile la pili, lililokwisha timia nane, na klorini nayo imetimiza nane yake.

Walakini uhamisho huo una matokeo. Sodiamu iliyotoa elektroni moja imebaki na umeme chanya uliozidi kwa moja, na klorini iliyopokea imekuwa na umeme hasi uliozidi kwa moja. Atomi iliyogeuka hivi huitwa ioni. Na ni kanuni ya umeme kwamba chanya na hasi huvutana. Mvutano huo ndio unaozishika ioni pamoja, na ndio uitwao kifungo cha ioni. Aghalabu hupatikana hivi: metali hutoa, isiyo metali hupokea, na kule kutoa na kupokea ndiko kunakozifunga.

Msomaji asidhani kuwa atomi zina nia au mapenzi. Mambo haya yana hesabu yake, na hesabu hiyo imepimwa. Kuing'oa elektroni ile moja kutoka katika sodiamu hugharimu nishati ya kilojuli 496 kwa kila gramu 23 za sodiamu. Klorini ikizipokea hurudisha kilojuli 349 tu. Kwa hiyo, lau biashara ingalikuwa ni kule kutoa na kupokea peke yake, pangalikuwa na hasara ya kilojuli 147. Kinacholipa hasara hiyo, na faida kubwa juu yake, ni kusogeleana kwa ioni na kujipanga pamoja, kwani kwa kipimo kile kile ioni hizo zikijipanga kuwa jiwe la chumvi hutoa kilojuli zipatazo 787. Hii ndiyo sababu chumvi imetulia: aitakaye kuzitenganisha sodiamu na klorini hana budi ailipe nishati yote. Ndivyo wafanyavyo viwandani hadi leo, kwa nguvu nyingi za umeme.

Na katika kujipanga huko lipo jambo ambalo wengi hulikosea. Hudhani kuwa ndani ya chumvi sodiamu moja na klorini moja zimekaa mbili mbili, kila moja na mwenziwe. Mwaka 1913 William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence Bragg waliichunguza chumvi kwa miali ya eksirei, na ikadhihirika kuwa hakuna jozi kama hizo. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za klorini, na kila ya klorini imezungukwa na sita za sodiamu: juu, chini, mbele, nyuma, kulia na kushoto, safu juu ya safu, mpaka mwisho wa punje. Baba na mwana walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1915, na mwana alikuwa na umri wa miaka 25 tu. Hata hivyo hawakukubaliwa na wote, kwani mwaka 1927 Henry Armstrong, mkemia mzee wa Uingereza, alikuwa bado aandika kulipinga jambo hilo. Basi mwanafunzi ambaye hayamwingii akilini mara ya kwanza asikate tamaa.

Ushahidi wa hayo umo jikoni mwetu. Twaeni punje za chumvi ya mawe mzitazame kwa kioo cha kukuzia. Mtaona nyingi zina pande zilizonyooka na pembe za mraba kama visanduku, nao ni mpango wa ioni ukijionyesha kwa nje. Tieni punje kubwa katika kinu muigonge kwa mchi. Haibonyei kama metali, bali hupasuka kwa uso ulionyooka, kwa kuwa pigo likisogeza safu moja, chanya hukabiliana na chanya na hasi na hasi, nazo husukumana mpaka jiwe likaachana. Kisha mtu mzima na aweke sukari kidogo katika kijiko kimoja na chumvi katika kingine, aviweke juu ya jiko. Sukari itayeyuka, igeuke rangi na kuungua, na chumvi itakaa kama ilivyo. Atomi za sukari zimeshikana kwa njia nyingine, ya kuzishiriki elektroni, hazikupeana. Ama chumvi haiyeyuki mpaka moto ufike digrii 801 za sentigredi.

Lakini chumvi hiyo hiyo isiyoshindwa na jiko hushindwa na maji ya baridi. Maji huzizunguka ioni moja moja na kuziondoa safuni, hata gramu 100 za maji zaweza kuchukua gramu kama 36 za chumvi. Humo majini sodiamu hairudii kuwa metali ishikayo moto, wala klorini hairudii kuwa gesi. Hubaki ioni zilizotulia, zikitembea huku na huku, na kwa kutembea huko maji ya chumvi hupitisha umeme. Kwa hiyo mikono yenye jasho au maji ya bahari isiguse swichi.

Mizani ya kutoa na kupokea hapana budi isawazike daima. Magnesiamu hutoa elektroni mbili, na kila klorini hupokea moja tu, basi magnesiamu moja huhitaji klorini mbili. Kloridi hiyo ya magnesiamu imo katika maji ya bahari pamoja na chumvi yetu, nayo hupenda sana unyevu. Ndiyo maana chumvi ya bahari isiyosafishwa vyema hulowa na kushikana mabonge wakati wa masika, na huwa na uchungu kidogo ulimini. Kalsiamu nayo hutoa mbili, na oksijeni hupokea mbili, basi moja kwa moja hutosheka. Hicho ndicho chokaa kitokacho katika tanuu, pale mawe ya matumbawe yanapochomwa, ambacho mababu wa pwani walijengea misikiti na majumba yao. Kikitiwa maji huchemka kwa ukali na hudhuru macho, kisha hutulia.

Sasa turudi kwa bibi wetu na binti yake.

Klorini iliyo katika chumvi imekwisha pata elektroni iliyoikosa. Imetimia nane, imetulia, wala siki wala ndimu ya mchuzini haiwezi kuigeuza kuwa gesi. Kama ingaliweza, hakuna mpishi wa achari angalisalimika. Lakini ile iliyo katika dawa ya kutakatishia nguo hali yake ni nyingine. Dawa hiyo huitwa hipokloriti ya sodiamu. Sodiamu yake ni ioni kama ile ya chumvi, ila klorini yake haikupewa elektroni iwe yake. Imeshikana na oksijeni kwa kushiriki, na oksijeni ndiyo yenye nguvu zaidi ya kuvuta. Klorini hii ingali yatafuta. Kwa kutafuta huko hushambulia madoa na vijidudu, na hiyo ndiyo faida yake. Lakini ikikutana na asidi hugeuka, na gesi ya klorini ikatoka, ile ile ya Ypres, ndani ya choo chenye dirisha dogo.

Jawabu letu basi ni hili: msiihukumu chumvi kwa sumu zilizo katika jina lake, wala msiiamini chupa ya dawa kwa kuwa nayo ina sodiamu na klorini kama chumvi. Jina la elementi halitoshi. La kuuliza ni: imefungwa vipi, na ikikutana na nini itafunguka?

Kwa mambo ya nyumbani twaona yafaa kuzingatia haya:

Kwanza, dawa ya kutakatishia nguo isichanganywe kabisa na dawa ya choo yenye asidi, wala siki, wala ndimu, wala dawa ya kusafishia yenye amonia, kwani hiyo ya mwisho nayo hutoa gesi za sumu za namna nyingine. Ndoo iliyotumiwa kwa moja isuuzwe kwa maji mengi kabla ya kutiwa ya pili. Na dawa hizi zisihamishwe katika chupa za soda au maji ya kunywa, maana mtoto hajui kusoma harufu.

Pili, ikitokea bahati mbaya, msiinamie ndoo kuona kuna nini wala kujaribu kuimwaga. Tokeni mara moja mwende penye hewa safi, na muache milango wazi. Wachukueni watoto wadogo kwanza msiwaache sakafuni, kwa kuwa gesi hii ni nzito na hukaa chini. Macho yaliyochomwa yaoshwe kwa maji safi kwa muda mrefu, na mwenye kukohoa sana au kupumua kwa shida apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Tatu, chumvi nayo isipitukiwe mpaka. Kwa uzito, gramu 100 za chumvi zina sodiamu kiasi cha gramu 39 na klorini gramu 61. Shirika la Afya Duniani lausia kuwa mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, kwa kuwa ziada ya sodiamu hupandisha shinikizo la damu. Mkiona katika pakiti ya chakula imeandikwa kiasi cha sodiamu tu, kizidisheni mara mbili na nusu mpate kiasi cha chumvi. Mtashangaa ni chumvi ngapi huingia nyumbani bila kupitia mkononi mwa mpishi.

Ama kijana wetu msomi, twamwomba amrudie nyanya yake kwa adabu na ayamalize masomo aliyoyaanza. Amwambie ya kuwa mwalimu alisema kweli, lakini yeye alinyanyuka mezani kabla ya kweli kutimia. Na nyanya, twamwomba amsamehe mjukuu na asimpikie mchuzi chapwa. Dada mtu amekwisha lipa gharama ya somo hili kwa mapafu yake, yatosha wengine wajifunze kwa kusoma.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutaeleza juu ya madini joto yatiwayo katika chumvi, kazi yake mwilini, na namna ya kuitunza chumvi hiyo jikoni isipoteze faida yake. Mwenye swali na atuandikie.